Alama ya mwanangu na damu isiyoganda inapotakiwa

Binti yangu alizaliwa na baka la bluu kwenye paja, laini kama sifongo. Ukilibonyeza linanywea, akilia linajaa. Kila aliyeliona aliniambia litaondoka lenyewe akikua. Halikuondoka, lilikua pamoja naye.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba alama zote za mishipa ya damu ni kitu kimoja. Hemanjioma, lile jekundu lililoinuka, hutokea wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, hukua haraka, kisha hufifia kidogo kidogo kwa miaka. Siku hizi likihitaji dawa hutibiwa kwa propranololi. La mwanangu lilikuwa kasoro ya vena, ile mishipa inayorudisha damu moyoni. Hilo mtoto huzaliwa nalo na halififii. Mzazi mwenzangu, kabla hujauliza dawa, uliza jina. Ukiambiwa "ni alama tu", uliza tena.

Alipofika miaka minne alianza kuamka na maumivu. Asubuhi anashuka kitandani kwa mguu mmoja, kisigino cha pili hakigusi sakafu. Siku moja nikimpaka mafuta nilihisi kitu kigumu chini ya ngozi, kidogo kama shanga, kinateleza nikikisukuma. Nilidhani ni uvimbe mpya. Kumbe ni donge la damu iliyoganda zamani ikajaa chokaa hadi ikawa kijiwe.

Hospitali moja iliamua kukata kinyama kidogo wakipime. Walipima chembe sahani, zile za kugandisha damu. Zilikuwa ndani ya kiwango cha kawaida, 150,000 hadi 450,000 kwa maikrolita, wakaendelea. Kidonda cha urefu wa kucha kililowanisha bandeji tatu. Nilikaa nimekibana kwa kiganja huku mtoto akiniuliza kama damu yake itaisha.

Baadaye daktari wa damu alinieleza kilichotokea, na tangu hapo namweleza kila mtu anayekubali kusikiliza. Kwenye vena zilizotanuka damu haikimbii, inatuama. Ikituama inaganda vipande vipande, na kila kipande kinakula fibrinojeni, ile protini inayofuma nyuzi za donge. Mwili nao unayeyusha madonge hayo, na mabaki yake ndiyo yanayopimwa kama D-dima. Kwa hiyo mtoto huyohuyo ana damu inayoganda pasipotakiwa, na siku ya kisu inaweza kukosa cha kugandia. Chembe sahani zinaweza kuwa sawa kabisa huku fibrinojeni imeshuka na D-dima iko juu. Ndivyo yalivyokuwa majibu yake.

Basi kabla ya upasuaji, hata wa kung'oa jino, omba vipimo vyote vitatu. Usione haya. Mwanangu aliporudi chumba cha upasuaji mara ya pili, alichomwa kwanza heparini ya uzito mdogo wa molekuli kwa siku kadhaa. Nilishangaa: dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mtoto aliyevuja? Lakini ikizuia madonge yasijitengeneze, fibrinojeni inabaki mwilini. Maumivu ya asubuhi nayo yalipungua. Dozi hupangwa na daktari kwa uzito wa mtoto. Usiazime ya mtoto mwingine.

Ipo hali nyingine inayochanganywa sana na hii, na hiyo haingoji miadi. Mwaka 1940 madaktari Haig Kasabach na Katharine Merritt walieleza habari za mtoto mchanga mwenye uvimbe mkubwa wa mishipa na chembe sahani zilizoporomoka. Kwa miaka mingi ilidhaniwa hemanjioma za kawaida ndizo zinazosababisha. Sasa inajulikana si hizo, ni uvimbe adimu wa aina nyingine unaozinasa chembe sahani. Uvimbe wa mtoto mchanga ukigeuka ghafla kuwa mgumu, wa zambarau, unaong'aa, au ukiona vidoa vyekundu kama vya sindano mwilini, nenda siku hiyohiyo. Huko hata kuongezewa chembe sahani huwa ni kwa mtoto anayevuja au anayeingia upasuaji, maana zinaweza kunaswa na kuuvimbisha zaidi. Usiwalazimishe madaktari wampe ili namba ipande.

Nyumbani kwetu kazi kubwa ni soksi ya kubana. Anavaa kabla hajashuka kitandani, na ugomvi upo kila joto likizidi. Maji anakunywa kwa kusukumwa. Safari ndefu tunasimama atembee. Akipata kifua kuuma au pumzi kukatika ghafla, hatungoji asubuhi, kwa sababu donge linaweza kusafiri hadi mapafuni. Na akifika umri wa vidonge vya uzazi, vile vyenye estrojeni lazima vijadiliwe kwanza na daktari wake wa damu. Hilo nimeliandika mapema, maana nitasahau.

Nimeliandika kwenye daftari dogo linalokaa ndani ya mkoba wake wa shule: jina kamili la kasoro, majibu ya mwisho ya vipimo na tarehe zake, dawa na dozi, na mstari mmoja kwa herufi kubwa: ASICHOMWE SINDANO YA MSULI KWENYE PAJA LA KUSHOTO. Wiki iliyopita nimekuta ameongeza mwenyewe chini yake, kwa penseli: "wala la kulia".