Swali la lugha: "floret" ni kiua, kijiua au ua dogo?

Swali: Natafsiri kijitabu cha mimea na neno "floret" limenikwamisha. Kamusi inanipa "ua dogo". Mwenzangu anasema niandike "kiua". Tena nimelikuta neno hilohilo kwenye mapishi ya brokoli. Nishike lipi?

Jibu: Neno hilo lina kazi mbili zisizofanana, moja ya wanabotania na nyingine ya wapishi, ndiyo maana hutapata tafsiri moja ya kufaa kote.

Kwa mwanabotania, "floret" si ua lolote lililo dogo. Ni ua moja kati ya mengi yaliyosongamana hata yakaonekana kama ua moja. Chukua alizeti. Tunachokiita ua la alizeti ni kichwa chenye maua mamia, pengine hata zaidi ya elfu moja. Yale ya ukingoni ndiyo yenye ndimi ndefu za njano, na kwa kawaida hayazai mbegu. Ya katikati ni madogo, kila moja lina petali 5 zilizoungana kama mrija, nayo huchanua kuanzia pembeni kuelekea ndani. Kila moja likichavushwa hutoa mbegu moja. Sasa mfasiri akiandika "petali za ukingoni hazizai mbegu", msomaji atashangaa: kwani kuna petali inayozaa? Na akiandika "maua madogo ya alizeti", ataeleweka kuwa anazungumzia mializeti iliyotoa maua hafifu. Nafaka nazo ni hivyohivyo: punje moja ya mpunga imetokana na ua moja dogo ndani ya suke.

Kwa maana hiyo, andika "kijiua", wingi "vijiua". Udogishaji kwa kiji- ni wa kawaida kwa mashina mafupi: mti hutupa kijiti, mto kijito, mji kijiji. "Ua" lina irabu mbili tupu, kwa hiyo ki- peke yake haina pa kushika vizuri. Sarufi haikatazi "kiua", ila wingi wake ndio wenye balaa. "Viua" siku hizi humpeleka msomaji kwenye kitenzi "kuua", kama katika viuadudu, viuagugu na viuavijasumu. Sentensi "viua vya alizeti hufunguka asubuhi" itamfanya mkulima atafute chupa ya dawa.

Upatanisho hubadilika pia, na hapa ndipo wengi huteleza katikati ya aya. Ua hili limechanua, maua haya yamechanua. Lakini kijiua hiki kimechanua, vijiua hivi vimechanua. Ukishaanza na vijiua, usirudi kwenye "yamechavushwa" mistari miwili mbele. Ni kweli kwamba kijiua chaweza pia kuwa ua mdogo wa nyumba, ule ambao wingi wake ni nyua, ila kwenye kijitabu cha mimea hakuna atakayepotea. Mara ya kwanza fafanua, "vijiua, yaani maua madogo yanayounda kichwa kimoja", kisha endelea bila maelezo.

Ua dogo linalosimama peke yake kwenye kikonyo chake libaki "ua dogo". Usilipe jina la kijiua kwa sababu ya udogo tu.

Jikoni mambo ni mengine kabisa. Kipande cha brokoli anachokitaja mpishi ni tawi fupi lenye matumba mengi ambayo hayajachanua. Koliflawa haijafika hata hatua ya matumba. Kwa hiyo "vijiua vya koliflawa" si sahihi. Andika "vitawi": "Tenganisha brokoli iwe vitawi vya ukubwa wa tonge, kila kimoja kibaki na shina lake kidogo." Hilo shina lisipotajwa, mtu atakata juu mno na matumba yatapukutika sufuriani. Wengine husema "vishada", nami sigombani nao, japo kwa wengi kishada ni kile kinachorushwa angani kwa uzi.

Ukikutana na ndugu yake, "floweret", jua umeingia kwenye ushairi. Neno hilo halina sayansi ndani yake, ni la kubembeleza. Tahadhari: kiji- hubeba pia dharau, kama katika kijitu, kwa hiyo katika nathari "maua mororo" hupendeza zaidi. Katika shairi la mizani 8 kwa kipande, hata hivyo, kijiua kinaweza kukuokoa. "Maua ya bondeni" ni mizani 7, kipande kinapwaya. "Vijiua vya bondeni" ni 8 kamili. Likikaa mwishoni, litapata kina pamoja na mvua, jua na tambua.