Jibu: Mbunge akifariki, kiti kilibaki kwa chama chake?

Mkuu, umeuliza kama Uingereza ya zamani mbunge akifariki chama chake kilijichagulia mrithi. Hapana, wananchi walirudi kwenye sanduku la kura, na chama kingeweza kupigwa chini vilevile.

Chukua Jarrow, mji wa meli kaskazini mashariki mwa England. Mbunge wake, Sir Charles Mark Palmer wa chama cha Liberali, alifariki Juni 1907. Huyu hakuwa mbunge wa kawaida. Karakana ya meli iliyoulisha mji aliianzisha yeye, na meya wa kwanza alikuwa yeye. Kiti alikikalia tangu 1885. Nani angemgusa?

Uchaguzi mdogo ukafanyika Julai 4, mwezi mmoja tu baadaye. Wakajitosa wanne. Pete Curran wa chama cha Leba, mtu wa vyama vya wafanyakazi ambaye Palmer alimshinda 1906, akapata kura 4,698, Mhafidhina 3,930, Liberali 3,474, na mzalendo wa Ireland 2,122. Hapo ndipo penye utamu: Jarrow ilijaa Wairishi ambao kwa kawaida kura zao zilielemea Liberali, safari hii wakawa na mtu wao. Curran akapita na theluthi moja tu ya kura, maana hakukuwa na duru ya pili. (Na wapiga kura wote walikuwa wanaume.)

Hakudumu lakini. Januari 1910 alikipoteza kiti kwa Godfrey Palmer, mtoto wa marehemu.