Maswali ya wasomaji: Hewa inagusa sakafu mapema mno

SWALI: Ninaiga kwa OpenFOAM (programu ya kuiga mtiririko) hewa inayopita juu ya ngazi ya kushuka, jaribio la Driver na Seegmiller la 1985. Walipima hewa ikigusa tena sakafu kwenye 6.26H (H ni kimo cha ngazi, milimita 12.7). Modeli yangu ya msukosuko ya k-ε (k ni nishati ya msukosuko, ε ni kasi ya kupotea kwake) inanipa 5.1H. Mwenzangu anasema nipandishe C1, moja ya namba zisizobadilika za modeli hiyo, kutoka 1.44 hadi 1.60. Nimsikilize?
Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam

JIBU: Usimsikilize. Ni kweli C1 ikipanda, msukosuko hufifia, mnato wake hupungua na hewa hukawia kugusa sakafu. Lakini namba za modeli hii zimefungwa pamoja: κ² = (C2 − C1) σε √Cμ. Kwa 1.92, 1.44, 1.3 na 0.09, κ (namba ya von Kármán, inayoeleza kasi karibu na ukuta) ni 0.43, si mbali na 0.41 ya vipimo. Kwa 1.60 inaanguka hadi 0.35. Utapatia ngazi, utakosea kila ukuta ulionyooka.

Kagua kwanza namna unavyosoma hiyo 5.1. Usikisie kwa macho kwenye picha ya mistari ya mtiririko. Chora wallShearStress (mkazo wa hewa ukutani) sakafuni utafute inapobadili alama. OpenFOAM huipa hewa inayokwenda mbele alama hasi, usishtuke. Pia kuna kizunguko kidogo kwenye kona chini ya ngazi, kwa hiyo alama hubadilika mara mbili. Unayoitaka ni ya mwisho.

Halafu lango la kuingilia. Katika jaribio, tabaka la mpaka (hewa inayopunguzwa kasi na ukuta) lilifika kwenye ngazi likiwa nene takriban 1.5H. Ukimwaga kasi sare karibu na ngazi hulipati. Weka ukuta ulionyooka wa mita 1 hivi kabla ya ngazi, kisha pima unene. Na kama U (kasi) inakokotolewa kwa mbinu ya upwind ya daraja la kwanza, iondoe: inaongeza mnato bandia unaofupisha kizunguko. Weka linearUpwind, ya daraja la pili.

Baada ya hapo hamia modeli ya k-ω SST ya Menter (1994). Hii huzuia mkazo wa msukosuko usizidi 0.31 ya k, na k-ε hukosea hapo hapo shinikizo linapopanda. Kwa kasi ya 44.2 m/s, y+ = 1 (y+ ni umbali kutoka ukutani usio na kipimo) iko kama milimita 0.009 kutoka ukutani. Kitovu cha seli ya kwanza ya gridi kikae hapo, na seli zikue kwa uwiano usiozidi 1.2. Tarajia karibu 6.5H. Mbele zaidi, kasi itachelewa kurudi hali yake kuliko katika vipimo. Hilo ni la modeli, gridi haina kosa.

SWALI: Mbele ya nguzo ya mraba, k yangu inapaa kupita kiasi. Kwa nini?

JIBU: k-ε huzalisha k kwa S² (S ni kiwango cha hewa kunyumbuka), na hewa inapogonga uso wa nguzo S ni kubwa hata bila mzunguko. Tumia rekebisho la Kato na Launder (1993): badala ya S² weka SΩ (Ω ni kiwango cha mzunguko). Hapo Ω ni karibu sifuri, na uzalishaji unakatika.