Barua kwa mwanangu: kabla hujaigusa nyumba ya Chamazi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu usiku, watu wameshalala. Unauliza uiuze nyumba ya Chamazi ulipe deni lote la milioni 38, au uiweke rehani, benki ikupe milioni 40, uwalipe wanaokudai kisha ubaki na deni moja la miaka kumi. Umeeleza duka lilivyokufa, na wale wakopeshaji wa kausha damu, wenye riba kubwa, wanavyokupigia simu hadi saa nne usiku. Umeongea dakika saba. Katika dakika saba hizo mkeo hukumtaja hata mara moja.

Basi na mimi nianzie hapo. Anajua?

Najua hukuniuliza hilo. Lakini nyumba ni ya wanaolala ndani. Neno hili mmelisikia kwangu tangu mko wadogo, mkadhani nawafokea tu kwa kuacha mlango wa uani wazi. Leo nikwambie nilikolitoa.

Isuzu ya marehemu baba yako unaikumbuka, mlikuwa mkigombania kukaa mbele. Unakumbuka pia tulivyohama Makorora tukaenda kupanga vyumba viwili Mabawa. Katikati yake kuna jambo sijawahi kuwasimulia, wewe wala dada yako.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 baba yako alinikuta asubuhi nimekaa mbele ya karai, nachoma maandazi ya biashara. Akanipa karatasi na kalamu. "Weka sahihi hapa, mambo ya gari." Nikajifuta unga kwenye kanga, nikasaini. Pembeni ya ile karatasi likabaki doa la mafuta. Sikusoma. Na kusoma najua, darasa la saba nilimaliza vizuri. Ningekuwa sijui kusoma ningejisamehe mapema.

Ilikuwa karatasi ya ridhaa. Kwa mkono wangu mwenyewe nimeridhia nyumba yetu ya Makorora iwekwe dhamana ya mkopo wa gari.

Miezi ya kwanza tulikula vizuri, sikatai. Machungwa ya Muheza yalikuwa yakifika Dar es Salaam na pesa inarudi. Kisha zikaja zile mvua za El Niño, mwisho wa 97 kuingia 98. Barabara zikakatika, mzigo ukaozea juu ya gari, safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Marejesho yakasimama. Baba yako akawa anatoka alfajiri na kurudi sote tumelala. Mimi nikadhani ana mwanamke. Wallahi ndivyo nilivyodhani, nikamnunia miezi mizima kwa kosa ambalo hakulifanya. Kila nikilikumbuka namwombea dua.

Julai shule zikafunguliwa. Wewe uko darasa la pili. Nilikujalidia madaftari kwa magazeti ya dukani, haraka haraka, bila kuangalia. Siku ya pili ukarudi mbio, umelishika daftari la hesabu kama zawadi. "Mama! Baba yuko gazetini!" Ulikuwa umeshawaonyesha darasa zima. Mwalimu pia umemwonyesha.

Nikalichukua. Majina yake matatu, namba ya kiwanja, Makorora, tarehe, saa. Tangazo la mnada.

Nilikupa andazi nikakwambia nenda ukacheze. Ulikuwa umefurahi mno, ningekwambia nini?

Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu, kuliko nyumba. Mtaa ulishajua, mwalimu wako akajua, wewe umelibeba kifuani njia nzima. Mimi ninayelala ndani nikawa wa mwisho. Usiku ule baba yako alilia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake. Akasema alinyamaza ili nisipate presha.

Zilibaki siku chache. Tulitafuta dalali sisi wenyewe, tukapata mnunuzi, benki ikakubali kusubiri. Tulilipa deni, na kilichobaki kikanunua hiki kiwanja cha Kange, wakati huo pori. Aliyeinunua nyumba aliukata mkomamanga wangu wiki ya kwanza. Hadi leo nikipita njia ile naangalia upande wa pili.

Sasa utasema, basi mama anasema niuze. Subiri. Kuuza kwa mdomo wako ni bora kuliko kuuziwa kwa nyundo, maana mnadani kila anayekuja anajua umebanwa. Lakini na sisi tuliuza tumebanwa, dalali alitusoma usoni. Angeniambia Desemba, gari lilikuwa bado linatembea, tungeliuza lile. Nilikuwa na mikufu yangu, nilikuwa na kaka zangu Pangani. Halafu najiuliza tena: angenieleza tangu mwanzo, pale kwenye karai, si ningekataa? Na ile miezi mizuri isingekuwepo, na ada ya dada yako isingelipwa. Nimebishana na marehemu juu ya hili miaka yote, na sijamshinda.

Hesabu za benki nimempa dada yako azipige. Milioni 40 kwa asilimia 17 kwa mwaka, miaka kumi, ni karibu laki saba kila mwezi. Ukimaliza umerudisha zaidi ya milioni 83. Yaani nyumba moja unailipia kama mbili. Juu ya riba yenyewe sitasema, msimamo wangu unaujua. Na hao wa kausha damu, umesema wanakutoza asilimia 20 kwa mwezi. Benki Kuu iliweka mwisho asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa namna hiyo. Waulize leseni yao, na usiwape hata shilingi bila risiti. Huenda deni unalotaka kulilipa kwa nyumba si lote deni.

Ila kuna jambo moja halina ubishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaifunga benki kuhakikisha ridhaa hiyo ipo. Niliyajua haya nimeshaumia. Kwa hiyo uuze au uweke rehani, njia zote mbili zinapita kwake. Karatasi itamfikia. Nakuuliza itamfikia vipi. Akiwa amekaa nawe mezani, au akiwa na unga mikononi?

Ulitaka neno moja kutoka kwangu. Ninalo, na kulimeza kunanipa shida, maana unajua nisivyoweza kunyamaza. Nikilisema utamwendea na "mama kasema", na nitakuwa nimeamua mimi, ninayelala Kange, juu ya nyumba ya Chamazi. Sitaki. Karibu niliandike hapo juu, nimelifuta.

Mwambie usiku huu, watoto wakishalala. Mwambie yote, hata lile deni la mwenye bohari ulilonitajia mwisho kwa sauti ya chini. Akilia mwache alie. Akikasirika, ana haki. Kisha Ijumaa pandeni basi mje wote wawili, na karatasi zote, za benki na za hao wengine. Jalada la daftari lako ninalo kwenye sanduku, nitawaonyesha.

Ukinipigia kabla hujamwambia nitapokea, lakini tutaongea habari za wajukuu tu.

Mama yako,
Kange, Tanga