Ukipiga Picha Fundo la Nyota, Kilinde Kitovu

Wengi wanaoanza kupiga picha za anga hudhani kwamba kila kilicho mbali huhitaji shata ikae wazi kwa dakika nyingi. Kwa wingu hafifu la gesi ni kweli, lakini fundo la nyota lenye umbo la tufe lina tabia nyingine. Fundo la M13, lililo katika kundinyota la Rakisi (Hercules) na ambalo Edmond Halley aliliona mwaka 1714, liko umbali wa zaidi ya miakanuru 20,000; hata hivyo nyota zake, ambazo ni mamia ya maelfu, zimesongamana kitovuni kiasi kwamba sensa ya kamera hujaa mwanga pale wakati zile za pembezoni ndiyo kwanza zinaanza kujitokeza. Sensa ikishajaa, rangi ya nyota hizo imekwenda, wala hakuna programu itakayoirudisha.

Kwa hiyo mimi hupiga picha nyingi za sekunde 30 au pungufu, kisha huziunganisha kwa programu. Picha 100 zikiunganishwa vizuri, chengachenga hupungua hadi kama sehemu moja ya kumi ya zile za picha moja. Tena setilaiti ikikatiza au upepo ukiitikisa darubini, unatupa picha moja tu.

Fokasi ndiyo inayodai subira. Fungua paa la chumba cha darubini mapema, angalau saa nzima kabla ya kazi, ili joto la mchana litoke, kwa sababu hewa ya moto ikipanda mbele ya darubini huzivimbisha nyota, na nyota zilizobanana hivyo zikivimba kidogo tu huwa doa moja. Kisha vika darubini barakoa ya Bahtinov, yaani kifuniko chenye mianya kinachowekwa mdomoni mwa darubini, na uielekeze kwenye nyota angavu: utaona miali miwili ikikatizana na wa tatu ukihamahama kati yao kila unapogusa kirungu cha fokasi. Mwali huo wa tatu ukitulia katikati barabara, usiguse tena. Rudia ukaguzi huo kadiri usiku unavyopoa, maana bomba la darubini husinyaa.

Subiri pia fundo lipande juu angani, ambako mwanga wake hupita katika hewa chache zaidi.

Wakati wa kusafisha picha, pandisha mwangaza taratibu, ukikikagua kitovu kila hatua. Nyota kubwa zilizozeeka zinapaswa kubaki na rangi ya machungwa kando ya zile za samawati. Zote zikianza kuwa nyeupe, rudi hatua moja nyuma.