Mkosoe Mwandishi wa Tamthilia Mpaka Akusikie

Mashabiki wa tamthilia, komenti zenu tunazisoma. Nasema kwa niaba ya watu ambao majina yao hupita kwa kasi mwisho wa kipindi, wakati ninyi mmeshabadilisha chaneli. Mimi ni mmoja wao. Naishi Ngamiani hapa Tanga, wenzangu wengi wako Dar es Salaam, na vikao vyetu vingi tunavifanya kwa simu. Usiku sehemu mpya ikirushwa, kundi letu la WhatsApp halilali: huyu kaleta picha ya maneno mliyoandika Instagram, yule kaleta ya Facebook. Baadhi ya komenti hizo hufika mpaka kwenye kikao cha skripti na kugeuza hadithi. Nyingine, tena ndizo nyingi, humuumiza mtu bure na hazibadilishi hata nukta. Nataka za kwanza ziongezeke, ndiyo maana naandika.

Kwanza jueni mnamsema nani. Tamthilia ndefu haiandikwi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Mwandishi mkuu na mtayarishaji hukubaliana njia ya msimu mzima: nani atafilisika, nani siri yake itafichuka, nani atazikwa. Baada ya hapo unaandikwa muhtasari wa kila sehemu, sini kwa sini, yaani tukio kwa tukio, na sisi wengine tunagawiwa sehemu za kutia mazungumzo. Skripti ikishamalizika inarudi kwa mwandishi mkuu, inapita kwa mwongozaji na kwa watu wa chaneli, ndipo inafika lokesheni. Huko mwigizaji naye anaweza kusahau mstari akaweka wake. Mwisho kabisa mhariri wa picha anakata kinachozidi muda. Kwa hiyo ile sentensi iliyokukera jana usiku imepita mikono mingi, na jina la mwandishi mliloliona huenda ndilo lililoigusa kidogo kuliko yote.

Tena yapo mambo yanayoonekana ni upuuzi wa mwandishi kumbe mzizi wake uko kwingine. Marekani, mwaka 1985, mwigizaji Patrick Duffy aliondoka kwenye tamthilia ya Dallas, na mhusika wake, Bobby, akauawa kwa kugongwa na gari. Mwaka 1986 Duffy akakubali kurudi. Marehemu anarudije? Ikaamuliwa kwamba yote yaliyotokea msimu mzima uliopita ilikuwa ndoto ya Pam, mtalaka wake. Watu wanaicheka ndoto ile hadi leo, lakini bila mwigizaji kuondoka na kurudi isingeotwa. Kwetu visa ni hivyo hivyo, ila kwa kipimo chetu. Harusi iliyoandikwa ya ukumbi mzima inageuka harusi ya sebuleni kwa sababu fedha ya nguo na chakula cha waalikwa haikutosha. Mhusika aliyekuwa moto anapelekwa Oman ghafla kwa sababu mwigizaji wake amepata mkataba mahali pengine. Mkiona safari ya Oman isiyo na kichwa wala miguu, mwulizeni mtayarishaji.

Na jambo la muda: tunarekodi mbele. Mnachokitazama leo kilipigwa wiki nyingi nyuma, pengine miezi. Kumwambia mwandishi "kesho mrudishe yule binti kwa mumewe" ni kumwomba asichoweza. Kinachoweza kuguswa na maneno yenu ni hadithi inayoandikwa sasa, ambayo mtaiona baadaye sana. Kwa hiyo mkosoaji mzuri anaeleza ugonjwa wa hadithi kwa namna itakayofaa hata msimu ujao.

Nitawapa mfano wa komenti bora niliyowahi kuisoma. Katika tamthilia moja niliyoshiriki, mwenzangu aliandikiwa katika muhtasari kwamba mjane aende sokoni akutane na mdeni wa marehemu. Sini ikaandikwa, ikapigwa, ikarushwa. Usiku ule ule dada mmoja wa Makorora akaandika hivi: mume kazikwa sehemu ya 14, sehemu ya 16 mkewe yuko sokoni kavaa gauni jekundu na wanja; eda ya mke aliyefiwa ni miezi 4 na siku 10, na hadithi yenyewe inasema zimepita wiki mbili; je, huyu mama haijui dini yake, au anaijua na amekusudia kuivunja? Kama amekusudia, mbona hakuna jirani hata mmoja aliyemsema?

Tazameni alivyofanya. Ametaja namba za sehemu. Ametaja nguo. Ameleta hoja ambayo mtu yeyote wa pwani anaifahamu, kisha akatuuliza swali la hadithi, maana mjane anayevunja eda kwa makusudi ni mhusika mzito, na majirani wanaonyamaza ni majirani wasio wa kweli. Hakumtukana mtu. Wala hakuwa mpole. Maneno yale yalichoma, na mwenzangu alikaa kimya siku nzima. Lakini kwenye kikao kilichofuata komenti ile ilisomwa kwa sauti, na ikazaa kitu. Tulikuwa na mjane mwingine katika msimu tuliokuwa tukiuandika. Tukaamua akae ndani, eda kamili, mtandio mweupe kichwani, asitoke. Basi badala ya yeye kuzifuata habari, habari zikawa zinamfuata: shemeji anakuja na karatasi za nyumba ya urithi, wifi anakuja na maneno ya mtaani, mwanamke asiyemjua anakuja kutoa pole akiwa na mtoto mwenye sura ya marehemu. Chumba kimoja kikabeba sehemu kadhaa. Mtayarishaji alifurahi kwa sababu chumba kimoja ni nafuu, nasi tulifurahi kwa sababu mama yule hakuwa na pa kukimbilia.

Ukitaka kukosoa, basi, kosoa hivyo. Sema ni sehemu ya ngapi, ni sini gani, nani alisema nini, na kwa nini hukuamini. "Tamthilia imeshuka" haitusaidii kitu. Imeshukia wapi? Ni tangu kaka mkubwa alipotoka jela? Ni tangu kesi ya shamba la mkonge iliposahaulika bila hukumu? Hapo tunapata pa kushika.

Sifa nazo zina kazi yake, na hapa nawaomba sana. Mkifurahi mnaweka moto na mioyo, mnamtaja mwigizaji, mnalala. Hakuna ubaya, mwigizaji anastahili. Lakini sifa inayotaja kitu ni silaha mikononi mwetu. Kulikuwa na sini ambayo mama anakunja kanga za binti yake aliyefariki, moja moja, anazipanga sandukuni, hasemi neno. Kunusurika kwake kukatwa ni Mungu tu. Yuko aliyesema watazamaji watadhani televisheni imeharibika sauti. Iliporushwa, mama mmoja wa Pongwe alituma ujumbe wa sauti kwa ukurasa wa tamthilia. Alisema mama yule alipoinusa kanga ya mwisho kabla ya kuikunja, yeye aliacha kula, akamkumbuka dada yake. Sauti ile niliihifadhi. Kila nikiambiwa niongeze maneno mahali pasipohitaji maneno, naicheza kikaoni. Mama yule hajui kwamba amezilinda sini nyingi za kimya tangu siku hiyo. Mkipenda kitu, kitajeni, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni namna mhusika alivyomjibu mkwewe kwa adabu huku anawaka moto. Msipotaja, anayebana bajeti ataamua kwamba mlichopenda ni magari tu.

Sasa kejeli. Watu wa Tanga hawahitaji kufundishwa kejeli. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vilabu vya taarab vilivyoshindana hapa hapa mitaani. Waliolelewa na taarab wanajua kijembe hutengenezwa: kina vina, kina fumbo, na anayechomwa anajijua mwenyewe hata kama jina lake halikutajwa. Kejeli ya namna hiyo kwenye tamthilia naipenda kweli. Kulikuwa na nyumba moja katika hadithi yetu ambayo kila siri inayosemwa ndani, kuna mtu nyuma ya mlango anaisikia. Watazamaji wakaanza: mafundi seremala wa barabara ya kumi na mbili mko wapi, nendeni mkawatilie hawa watu mlango unaofunga! Mwingine akajibu kwamba tatizo si mlango, ni wapangaji kulipa kodi kwa kusikiliza. Ikawa gumzo la wiki nzima. Tulicheka mpaka machozi, kisha mwandishi mkuu akatoa amri: hakuna tena kusikia siri nyuma ya mlango, kila siri itafute njia nyingine ya kutoka. Amri hiyo bado ipo, na imetulazimisha kufikiri.

Kejeli ile ilifanya kazi kwa sababu ililenga mlango. Ingelenga umbo la mwandishi, au ndoa yake, tusingepata kitu. Mwenzangu mmoja, mwanamke hodari kuliko wengi ninaowajua katika kazi hii, aliandikiwa kwamba mtu asiyeolewa atajuaje mambo ya mume na mke. Maneno hayo yaliandikwa chini ya picha ya mwanawe, kwenye ukurasa wake binafsi. Alifunga ukurasa. Mtu aliyeyaandika sijui alitarajia nini. Kama alichukizwa na jinsi mume yule alivyosamehewa haraka, hoja yake ilikuwa na uzito na tungeisikiliza. Aliipoteza mwenyewe. Msiende kwenye picha za watoto wa watu. Msipekue namba za simu. Kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumsononesha ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwamba ulikuwa ukizungumzia tamthilia hakukuondolei kosa.

Waigizaji wanaoigiza ubaya wanapata zaidi. Dada anayeigiza mke mwenza katili aliwahi kukataliwa kuuziwa nyanya sokoni Mgandini na mama aliyekuwa amekasirika kwa dhati. Yeye aliichukulia kama tuzo, na kwa kiasi fulani ni tuzo kweli. Lakini matusi ya mtandaoni hayana mama wa nyanya unayeweza kumwangalia usoni mkaishia kucheka pamoja. Mchukieni mhusika kwa nguvu zote, kwa jina lake la kwenye hadithi. Jina la mwigizaji liacheni.

Kuna ukosoaji wa kundi pia, ule wa maelfu kwa pamoja. Mwaka 2019, msimu wa mwisho wa tamthilia ya Game of Thrones uliwakera watazamaji kiasi kwamba watu zaidi ya milioni 1 walitia saini ombi mtandaoni wakitaka msimu uandikwe upya na waandishi wengine. Haukuandikwa upya. Sishangai, kwa sababu kupiga upya msimu mzima ni kuita tena mamia ya watu na kutafuta fedha ya mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, kati ya malalamiko yale ilikuwamo hoja moja safi, kwamba hadithi iliyotembea polepole miaka mingi ilikimbizwa mwishoni, na mabadiliko ya wahusika hayakupewa nafasi ya kuiva. Hoja hiyo mwandishi yeyote anaweza kuichukua akaifanyia kazi Tanga, Nairobi au London. Mimi nimeichukua. Sahihi milioni haziwezi kunifundisha kitu. Hoja ile imenifundisha.

Nimalizie na wale wanaotutumia hadithi zao. Najua mnafanya kwa upendo: "Dada, nina wazo, mfanye yule mzee awe ndiye baba halisi, halafu..." Tafadhali msitume, wala msiliweke kwenye komenti kama mnataka liwe lenu. Marekani, miaka ya 1990, J. Michael Straczynski, aliyebuni tamthilia ya Babylon 5, alikuwa akizungumza na mashabiki wake kwenye intaneti wakati mambo hayo bado mageni. Shabiki mmoja akaandika wazo lililofanana na sehemu ambayo Straczynski alikuwa ameshaifikiria. Ikabidi sehemu hiyo iwekwe kando mpaka yule shabiki alipotoa tamko la maandishi kwamba hana dai. Kwetu ikitokea, ama hadithi nzuri itatupwa kwa hofu ya kesi, ama wewe utabaki na kinyongo ukidhani umeibiwa. Ninapopata ujumbe wa namna hiyo nauacha katikati ya sentensi ya kwanza, na namjibu mtu kwamba sikusoma.

Kama hadithi yako inakuwasha, iandike mwenyewe. Iandike yote, na wahusika wake na mwisho wake, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyoandikwa. Wazo linaloelea halilindwi. Kisha isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uweke nakala yenye tarehe, ndipo uipeleke kwa mtayarishaji ukiwa na barua inayoonyesha umempa nini na lini, naye aweke saini kwamba amepokea. Waandishi wawili tunaofanya nao kazi sasa waliingia kwa njia hiyo, na mmoja wao, kabla ya hapo, alikuwa akitukosoa kila wiki kwenye komenti, sehemu kwa sehemu, sini kwa sini.