Tumbawe linalotambaa limemfikia jirani: ning'oe lipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina tangi la maji ya bahari la lita 300 hapa Raskazone, Tanga, huu mwaka wa pili. Montipora ya kijani (tumbawe gumu linalotambaa) niliyoibandika katikati ya jiwe kubwa imelifunika jiwe zima na sasa inapanda kioo cha nyuma. Upande wa kulia imegusana na tumbawe-ubongo, na hapo katikati yao pametokea mstari mweupe, upana wa kidole. Naona tumbawe-ubongo linaliwa. Niing'oe Montipora yote? Pia rafiki yangu anataka kunipa kipande cha lile zulia la zambarau lenye polipu (vinyama vidogo vya tumbawe) za kijani. Naweza kuliweka jiwe hilohilo?

JIBU: Marahaba. Usiing'oe. Kwanza tazama vizuri huo weupe umekaa kwenye mwili wa nani. Karibu kila mara ninapoitwa kwa shida kama yako, aliyeungua ni Montipora. Tumbawe-ubongo lina mikono mirefu ya kuchoma ambayo mchana huikunja, na usiku huinyoosha sentimita kadhaa nje ya mwili wake. Zima taa za tangi, subiri giza likolee, kisha mulika kwa tochi nyekundu; utaiona ikipepea.

Hata hivyo usidhani tumbawe-ubongo limeshinda. Montipora ni mnyonge wa kuchoma, lakini silaha yake ni kutambaa. Inajenga chokaa kwenye ukingo wake, ule ukingo mwembamba uliopauka, na ikizuiwa hapa inazunguka pale, inapanda, mwisho inamkinga jirani asipate mwanga. Kwa hiyo tenganisha: acha nafasi ya sentimita 15 kati yao. Kama tumbawe-ubongo halijabandikwa, lisogeze lenyewe, ndiyo kazi nyepesi. Ungekuwa na Galaxea, tumbawe jingine linalochoma, ningekwambia uache zaidi ya sentimita 20, maana mikono yake ni mirefu mno.

Kosa lenyewe lilitokea siku ya kubandika. Tumbawe linalotambaa halipewi jiwe kuu. Lipe jiwe lake dogo, uliweke peke yake juu ya mchanga kama kisiwa. Mchanga unasogea, kwa hiyo halipati pa kushika, na likifika ukingoni mwa jiwe unalikuta palepale. Ukishaliunganisha na jiwe kuu, mpaka utaulinda kwa mkono wako maisha yote.

Sasa kukata. Kama jiwe linatoka, litoe. Usipatulie ndani ya tangi, kwani vipande vinavyoanguka nyuma ya mawe hushika na kuota upya. Vaa glavu na miwani. Chora mpaka unaoutaka, kisha kwa patasi ndogo ondoa ukanda wa vidole viwili, ngozi pamoja na chokaa yake. Ukikwangua ngozi tu, itarudi juu ya kiunzi kilekile. Suuza kwa maji ya tangi, si ya bomba. Cha kwenye kioo kikwangue kwa wembe kingali chembamba kama karatasi. Wajenzi wa zamani wa pwani hii, wale waliosimamisha misikiti na makaburi ya Tongoni, walijua kwamba tumbawe bichi huchongeka kwa urahisi na likikauka huwa jiwe. Ukingo mchanga nao ni hivyohivyo, basi kagua kila mwezi.

Wengine, badala ya kukata, hupaka uji mzito wa chokaa ukingoni ili kuuua, huku pampu zimezimwa. Unafanya kazi, lakini tumia hidroksidi ya kalsiamu safi, nusu kijiko cha chai tu kwa siku, kwa sababu hupandisha pH haraka. Chokaa ya ujenzi isiguse tangi kabisa.

Jambo ambalo wengi hulisahau: Montipora kubwa inakunywa kalsiamu na alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) nyingi. Ukiondoa theluthi yake na kuendelea kutia dozi ileile, alkaliniti itapanda. Pima kila siku kwa wiki nzima, iwe kati ya 7 na 9 kwa kipimo cha dKH, na isibadilike zaidi ya 1 kwa siku. Kalsiamu ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita.

Vipande vilivyo hai vibandike kwa supa gluu ya jeli kwenye vijiwe, uwape wenzako. Naomba sana tugawane hivi. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini, na miamba yetu imeshavumilia baruti miaka mingi. Kubandua kipande mwambani kwa ajili ya kioo cha sebuleni hakuna sababu.

Zulia la rafiki yako lipokee, ila lisiguse jiwe kuu hata kwa usiku mmoja. Linashika jiwe lenye matundu kiasi kwamba utaliondoa pamoja na jiwe. Kwenye kioo hubanduka kama ngozi ya ndizi, kwa hiyo mimi huliweka kwenye kioo cha nyuma, mbali na mawe, na kulipunguza kwa wembe.